Geuza bilauri: wanyama na miungu kwenye dhahabu ya Andes

Ukiisimamisha bilauri ya dhahabu ya Sicán, watu wa kale wa Peru, kwenye kitako chake, sura iliyofuliwa ubavuni mara nyingi inakaa kichwa chini. Kidevu kiko juu karibu na ukingo wa kunywea, kilemba kiko chini karibu na kitako. Wengi hawalioni hilo kwa sababu picha zinazozunguka kwenye simu zimepigwa chombo kikiwa kimefudikizwa, ili sura ikae sawa mbele ya macho. Dalili yake ni rahisi: bilauri hizi hutanuka kuelekea mdomoni. Ukiona kwenye picha kwamba upande mpana uko chini, jua chombo kimefudikizwa na kinywaji kingemwagika chote.

Naanza hapo kwa sababu wanyama na miungu wa vyombo vya ibada vya Andes husomwa kama picha za ukutani. Huyu chui, huyu nyoka, yule mungu, basi. Lakini chombo hakikutengenezwa kitundikwe. Kilitengenezwa kishikwe, kijazwe, kiinuliwe, kinywewe hadi tone la mwisho, kisha kipokewe na mwingine. Sura ilipangwa kwa kufuata mwendo huo wa mkono, na nyundo ndiyo iliyoamua sura itoke vipi. Masonara wa Lamu wanaofua fedha hadi leo wataielewa kazi hii upesi kuliko msomaji wa historia asiyewahi kushika fuawe, na ndiyo maana nitakaa sana upande wa ufundi.

Kwanza, wenyewe ni nani. Sicán, ambao wengine huwaita Lambayeque, waliishi pwani ya kaskazini ya Peru kuanzia miaka ya 800 hivi hadi kama 1375. Kilele chao kilikuwa kati ya 900 na 1100, na makaburi ya wakubwa wao yako chini ya mahekalu ya udongo katika msitu wa Pómac, sehemu iitwayo Batán Grande. Humo ndimo zilimotoka bilauri nyingi za dhahabu na fedha tunazoziona leo katika makumbusho ya dunia, na nyingi zilitolewa na wezi wa makaburi, si wataalamu. Zilikuwa zimerundikwa, nyingine moja ndani ya nyingine, kama vyombo vilivyokwisha kutumika karamuni.

Sura yenyewe utaitambua kwa macho. Jicho la Sicán ni refu, limeinuka upande wa nje na kuchongoka mithili ya alama ya mkato iliyolazwa. Hakuna jamii nyingine ya Andes iliyoling'ang'ania jicho hilo kiasi hicho. Masikio yana ncha juu, na kwenye ndewe mna majasi makubwa ya mviringo. Mdomo ni mpana na mnyoofu. Ukiona sura hiyo imeongezewa mbawa, au mikono imekuwa makucha ya ndege, au meno ya chonge yamejitokeza, hapo unamtazama mungu. Ukiona mtu mzima amevaa sura hiyo kama barakoa, amesimama na mavazi ya kifalme, hapo ni mtawala anayejifananisha na mungu wake. Tofauti hii ni muhimu, na maelezo mengi ya mitandaoni huichanganya kwa kuita kila sura kwa jina la Naymlap.

Naymlap ni jina la masimulizi. Padri Mhispania Miguel Cabello Balboa aliyaandika mwaka 1586: mtawala aliyefika pwani ya Lambayeque kwa chelezo nyingi za mti wa balsa, akiwa na sanamu ya jiwe la kijani iitwayo Yampallec na watumishi wa baraza lake, na alipokufa watu wakaambiwa ameota mbawa akaruka. Sisi tuliozaliwa na masimulizi ya waliokuja kwa bahari tunajua kwamba hadithi ya namna hii huhifadhi cheo na haki ya ukoo kuliko inavyohifadhi tarehe. Lenye thamani kwetu hapa ni orodha ya watumishi wake. Pita Zofi alipuliza baragumu la kombe. Fonga Sigde alinyunyiza unga wa chaza mwekundu njiani kabla bwana hajakanyaga. Ninagintue kazi yake ilikuwa vinywaji. Mtu wa vinywaji amewekwa katika baraza la mfalme pamoja na mwenye kiti cha enzi na mwenye machela. Hicho ndicho cheo cha bilauri.

Kinywaji chenyewe ni chicha, pombe ya mahindi, ambayo kwa Kikechua huitwa aqha. Ilitengenezwa kwa wingi, ikanywewa katika ibada, mazishi na makubaliano ya kisiasa, na kunywa kulikuwa kwa watu wawili. Kwa Wainka jambo hili liko wazi: vikombe vilitengenezwa kwa jozi, vya mbao vikiitwa kero na vya dhahabu au fedha aquilla. Mwenye kualika hushika kimoja, mwalikwa kingine. Kukataa ni tusi. Mnamo Novemba 1532, Atahualpa, mfalme wa Wainka, aliwapa wajumbe wa Wahispania chicha katika vikombe vikubwa vya dhahabu nje ya Cajamarca, na kwa upande wake tayari lile lilikuwa tendo la mapatano.

Sasa rudi kwenye ile sura iliyokaa kichwa chini. Anayekunywa anainua kitako. Kadiri bilauri inavyokwisha ndivyo kitako kinavyopanda, na anayeketi mbele yake anaiona sura ikigeuka, kilemba kikija juu, kidevu kikishukia kwenye kidevu cha mnywaji. Tone la mwisho linapoingia kinywani, uso wa mtu umefunikwa na uso wa mungu umesimama mahali pake. Bilauri imekuwa barakoa. Hii ndiyo tafsiri ninayoiona nzito kuliko zote, kwa sababu huhitaji kuamini lolote ila jinsi mkono unavyoinuka. Wala huwezi kusema fundi alilazimishwa na ufundi: nyundo haijali juu wala chini, angeweza kuifua sura imesimama bila kuongeza hata pigo moja. Alichagua.

Na kugeuza juu chini hakukuwa kwa vikombe tu. Mwaka 1991 na 1992 Izumi Shimada na wenzake walichimba kaburi la mashariki la hekalu la Huaca Loro huko Batán Grande. Lilikuwa na kina cha zaidi ya mita 10, na vitu vilivyomo vilikaribia uzito wa tani 1.2, sehemu kubwa metali. Mzee mkuu wa kaburi, mwanamume wa kati ya miaka 40 na 50, alikuwa amewekwa ameketi lakini kichwa chini, mwili umepakwa zingefuri, ile rangi nyekundu ya zebaki na salfa, na barakoa ya dhahabu juu ya uso wake. Karne nyingi kabla yake, huko milimani Chavín de Huántar, jiwe la Raimondi lenye urefu wa karibu mita 2 lilichongwa mungu mwenye fimbo mbili, na ukiligeuza, mapambo marefu ya kichwani yanakuwa safu ya nyuso zinazoning'inia. Sisemi Sicán walijifunza kwa Chavín moja kwa moja. Nasema fundi wa Andes alitarajia mtazamaji atasogea, atainama, atageuza.

Kwa hiyo nikikutana na sura iliyochanganya wanyama, sianzi kwa kuuliza ni mnyama gani. Naanza na mdomo, kisha jicho, kisha mikono, kisha kiuno, mwisho kilichoshikwa. Mdomo wenye chonge zilizopishana ni wa mnyama mla nyama: jagua, puma, au kaimani, yule mamba wa mito ya Amazon. Kwa Chavín mboni ya jicho husukumwa juu kabisa, imegusa kope, na nywele au nyusi hugeuka nyoka. Huko kiungo kimoja cha mwili hubadilishwa na mnyama anayefanana nacho kwa umbo: nywele zinakuwa nyoka, mkanda unakuwa mdomo mrefu wenye meno. Ukilijua hilo huwezi tena kuhesabu "wanyama saba" ndani ya sura moja, kwa sababu sura ni moja, ila maungo yake yamesemwa kwa lugha ya wanyama. Taji za dhahabu zilizofukuliwa Kuntur Wasi, hekalu la kale la milima ya kaskazini mwa Peru, mwaka 1989 na wataalamu wa Kijapani zina mambo haya yote katika bamba jembamba: moja ina nyuso 14 za watu zilizoning'inizwa ndani ya matundu, nyingine nyuso za jagua.

Wamoche, waliotangulia Sicán katika pwani ile ile, walipenda mungu mwenye chonge, mkanda wake ukiishia kwa vichwa vya nyoka wenye masikio, mkono mmoja umeshika kisu cha tumi na mwingine kichwa kilichokatwa, umekikamata nywele. Mara nyingine mungu huyo ana miguu ya buibui. Buibui hufunga mawindo yake, huyanyonya maji yake, na hutokea sana mvua zinapokaribia; kwa watu waliokuwa wakifunga mateka kamba na kuwamwaga damu kwa ajili ya maji ya mashamba, alikuwa mnyama wa kufaa kupita wote. Katika makaburi ya Sipán aliyoanza kuyachimba Walter Alva mwaka 1987, mzee mmoja alizikwa na shanga 10 za dhahabu za buibui, kila mmoja ana uso wa mtu mgongoni. Na katika picha za Wamoche, damu hiyo hupelekwa kwa mkuu ndani ya bilauri yenye mguu. Mwaka 1991, San José de Moro, bilauri ya namna hiyo ilikutwa kaburini mwa kuhani mwanamke. Tangu hapo hakuna aliyebaki kudhani zile picha ni ngano tupu.

Kwenye bilauri za Sicán na za Chimú waliowafuata, bahari inaingia. Vyura hukaa ubavuni wamevimba, maana chura hulia mvua ikija. Mwari na mnandi hupangwa mstari mmoja, mdomo kwa mkia, mara nyingine na samaki kinywani. Mawimbi huzungushwa ukingoni kama nakshi ya pambo, na hayo si pambo tu. Ziko bilauri ambazo mtawala ameshika mkononi bilauri ya umbo lile lile, na mkono wa pili ameshika chaza mwenye miiba, yule mwekundu ambaye Wainka walimwita mullu. Huyu hakuwa wa maji ya Peru. Maji ya pwani ile ni baridi, na chaza huyo hupenda maji ya joto ya Ekwado, akichukuliwa na wapiga mbizi. Maji ya joto yakishuka kusini, ndiyo El Niño, ile ile iliyotuletea mafuriko Kenya mwaka 1997. Pwani ya Peru jangwa hugeuka mto. Kwa hiyo chaza mkononi mwa mtawala maana yake ni maji, na kikombe katika mkono wa pili ni maji yaliyokwisha kufanywa kinywaji. Ukimwondoa mnyama huyo kwa kumwona pambo, umeondoa nusu ya sentensi.

Kuna utatu unaopendwa sana na waongoza watalii: kondori ni mbingu, puma ni ardhi, nyoka ni kuzimu. Usiupachike kwenye kila chombo. Ndege wa bilauri za pwani ni wa baharini zaidi kuliko kondori, na nyoka wa vichwa viwili mara nyingi amepinda juu ya kichwa cha mungu kama tao la anga. Huyo hayuko kuzimu. Kiumbe mwingine hana mahali kabisa katika utatu huo: mnyama mwenye kishungi kichwani, chonge na mkia uliojikunja, ambaye watafiti humwita mnyama wa mwezi. Si mbweha, si puma. Mwache alivyo.

Sasa nyundo.

Bilauri ya ubavu mmoja bila kiungo huanza kama kitonge kilichoyeyushwa katika chungu kwa kupuliza mianzi mitatu au minne kwa pamoja, kisha kikapigwa kuwa sahani bapa. Nyundo zao zilikuwa mawe laini yaliyoshikwa mkononi, bila mpini, na fuawe jiwe pia. Kwa anayetaka kuiga kwa fedha, swali la kwanza ni ukubwa wa sahani. Chukua kipenyo cha kikombe, kizidishe kwa chenyewe; chukua kipenyo mara kimo mara 4; jumlisha, tafuta kipeo cha pili. Kikombe chenye kipenyo cha sentimita 8 na kimo cha 12: 64 na 384 ni 448, kipeo chake ni 21.2. Sahani ya sentimita 21 na kitu, basi, na mdomo ukitanuka ongeza kidogo. Kwa unene wa nusu milimita utahitaji gramu 185 hivi za fedha. Kwa dhahabu safi ni kama gramu 340, hesabu ambayo peke yake inaeleza kwa nini mafundi wale walipenda mchanganyiko.

Bamba likipigwa huwa gumu. Sauti ndiyo inayoonya: mlio wa bubu unageuka mkali. Ukiendelea baada ya hapo, ukingo unapasuka, na ufa wa ukingoni hukimbilia ndani kwa kila pigo. Basi lipashwe moto hadi wekundu wa giza, nyuzi 600 hadi 650, kivulini, kwa sababu juani wekundu huo hauonekani na utalipitisha. Fedha na dhahabu safi zinasamehe zikipoa zenyewe. Tumbaga, yaani dhahabu iliyochanganywa na shaba, haisamehi. Dhahabu robo tatu na shaba robo, ikipoa polepole, chembe zake hujipanga upya chini ya nyuzi 400 na bamba linarudi gumu hata kabla hujalipiga. Litie majini lingali moto. Mafundi wa Andes hawakuwa na kipimajoto, lakini bamba zao za tumbaga zisingefika wembamba ule bila kulijua hilo.

Kuinua sura kuna njia mbili. Ya kwanza ni kujaza kikombe kitu kinachokubali na kurudisha, lami au nta ngumu, na kufanya kazi kwa tindo butu kutoka nje baada ya kuvimbisha kutoka ndani. Ya pili ni kulaza bamba juu ya gogo lililochongwa sura tayari na kulikandamiza kwa vifaa vya mfupa, mbao na shaba. Gogo ndilo linaloeleza kwa nini nyuso za Sicán zinafanana hivyo, moja baada ya nyingine, na kwa nini jozi inawezekana. Lakini gogo la kipande kimoja litanasa ndani ya kikombe, maana pua imejitokeza nje na ukuta wa kikombe kuelekea mdomoni hauipishi. Anayeiga ama achonge sura yenye mteremko kuelekea mdomoni, ama afanye gogo la vipande vyenye kabari katikati inayochomolewa kwanza. Pua hupasuka kabla ya kila kitu, kwa kuwa ndipo bamba linapovutwa mbali zaidi. Inue kwa hatua tatu au nne na upashe moto kila hatua, na usimalize pua kabla ya mashavu: mashavu ndiyo yanayoiazima pua bamba. Ukiutazama uso halisi kwa karibu utaona pua ni pana na fupi. Sidhani ni mtindo peke yake; ni kile ambacho bamba linaruhusu.

Ziko pia bilauri zenye kitako cha tabaka mbili, na vipande vidogo vimewekwa katikati vikilia mtu anapoinua. Hapo kinywaji, sura na sauti vinakwenda kwa mwendo mmoja wa mkono. Siwa yetu ya shaba nayo hupoteza nusu ya maana ikiwa kimya kwenye kabati la makumbusho.

Rangi ya nje ni jambo lenye utata zaidi, na ndilo linalonivutia kupita yote. Vitu vingi vinavyoitwa dhahabu ni tumbaga: dhahabu, fedha na shaba pamoja, na shaba inaweza kuwa nyingi kuliko zote. Hawakupaka dhahabu juu. Waliitoa kutoka ndani. Kila bamba linapopashwa moto, shaba ya usoni huungua na kuwa magamba meusi. Magamba hayo huoshwa kwa tindikali ya mimea. Ndimu au ukwaju wa moto hufanya kazi hiyo hiyo. Rudia mara nyingi, na kwa kuwa bamba hupashwa moto mara nyingi wakati wa kufuliwa, uso hupungukiwa na shaba hatua kwa hatua ukabaki wa fedha na dhahabu, rangi ya kijivu iliyofifia. Kisha fedha nayo huliwa na rojo la chumvi na salfati ya chuma, ikabaki dhahabu yenye vitundu vidogo sana, ambayo husuguliwa kwa jiwe laini hadi ijifunge na kung'aa. Heather Lechtman, aliyechunguza vitu hivi kwa miaka mingi, alitoa hoja ninayoikubali: kwa mafundi hao, kinachoonekana nje lazima kiwe ndani ya mwili wa kitu chenyewe. Kuifunika shaba kwa karatasi ya dhahabu kungekuwa rahisi mno. Mungu kwenye bilauri hakubandikwa. Amefuliwa kutoka ndani, na dhahabu yake pia imetoka ndani.

Na bado wakaifunika. Barakoa nyingi za Sicán zilipakwa zingefuri karibu uso mzima, na macho yakatiwa vito na magamba ya chaza. Mwaka 2021 wanakemia walichapisha uchunguzi wa rangi ya barakoa moja ya zama hizo: kilichoishikisha rangi kwenye metali kilikuwa na protini za damu ya binadamu na za mayai ya ndege. Kwa hiyo ile njano inayong'aa ambayo leo ndiyo tunaistaajabia, mara nyingi haikuwa rangi ya mwisho kuonekana. Ilikuwa chini ya wekundu.

Mahekalu ya Batán Grande yalichomwa moto kati ya 1050 na 1100, baada ya ukame mrefu, na ile sura ya mungu ikatoweka karibu yote katika sanaa ya watu hao. Hiyo inasaidia kukadiria umri: bilauri yenye jicho lile kamili haiwezi kwa urahisi kuwa ya miaka ya 1300. Chimú walichukua ufundi, wakaacha mungu, wakabakiza ndege na mawimbi. Wainka walipowashinda, kama mwaka 1470, waliwahamishia mafundi wao Cusco. Dhahabu ya Wainka wenyewe iliishia tanurini: fidia ya Atahualpa peke yake ilitoa zaidi ya tani 6 za dhahabu ya karati 22.5 baada ya kuyeyushwa mwaka 1533. Ndiyo maana tuna bilauri za Sicán nyingi kuliko za Wainka, ingawa Wainka walikuwa na himaya kubwa zaidi. Kaburi lilihifadhi kilichosahauliwa, na hata hicho hakikusalimika chote: tumi maarufu ya Íllimo iliibwa Lima mwaka 1981 ikavunjwavunjwa kwa ajili ya uzito wake.

Anayeletewa kipande na kuambiwa ni cha kale, aanze na unene. Bamba la kufuliwa kwa jiwe halina unene mmoja. Ukilipima sehemu kumi utapata vipimo vinavyotofautiana, chembamba zaidi penye pua. Bamba la mashine ni sawa kila mahali. Tazama ndani, si nje, maana mwigaji husafisha nje. Lehemu yenye zinki au kadimiamu ni ya kisasa bila mjadala. Kutu ya kijani kwenye tumbaga inapaswa kutoka ndani ya vitundu na nyufa za ngozi ya dhahabu. Ikiwa imekaa juu juu na inafutika kwa kucha, imepakwa. Mabaki ya zingefuri na alama za kitambaa cha kaburi huonekana kwenye mikunjo, penye masikio na kando ya pua.

Na kwa sababu hiyo hiyo usikisugue. Ngozi ya dhahabu juu ya tumbaga ni nyembamba kuliko karatasi, na chini yake kuna shaba. Ndimu, majivu, na dawa ya kusafishia shaba iuzwayo madukani, vyote huondoa zingefuri kwanza, kisha hufungua vitundu, kisha kijani huanza upya kutoka ndani. Brashi laini kavu ya nywele, mkono mmoja umeshikilia kitako, na ukiacha wekundu wowote mahali ulipo.